Ngumi nzito, taya ngumu: kulinganisha mabondia wa uzito wa juu wa enzi tofauti

Ubishi wa nani alikuwa na ngumi nzito kuliko wote huanza na asilimia ya KO, yaani ushindi wa kummaliza mpinzani kabla ya raundi kuisha zote, na mara nyingi huishia hapo hapo. Mmoja anamtaja Deontay Wilder: alipopanda ulingoni na Tyson Fury Desemba 2018 alikuwa ameshinda mapambano 40, na 39 kati ya hayo kwa KO. Mwingine anajibu na Rocky Marciano, mapambano 49 bila kupoteza, 43 kwa KO. Wa tatu anamleta Earnie Shavers na KO zake 68. Wote wanasema kweli na hakuna aliyethibitisha kitu, kwa sababu KO ni kazi ya watu wawili, anayepiga na anayepigwa. Asilimia inamwonyesha wa kwanza na kumficha wa pili.

Kipimo kinachosaidia ni taya ile ile. Mtafute bondia aliyekutana na wapigaji wawili au watatu, uangalie alidumu raundi ngapi na kila mmoja, akiwa na umri gani na katika hali gani. Kwa uimara, geuza kipimo: ngumi ile ile, taya tofauti. Enzi zenyewe hazikutani, lakini watu hukutana. Archie Moore alipigana na Marciano mwaka 1955 na akapigana na kijana Muhammad Ali mwaka 1962. Ali alikutana na Larry Holmes 1980, Holmes akakutana na Evander Holyfield 1992, Holyfield na Lennox Lewis 1999, Lewis na Vitali Klitschko 2003. Huo ni mnyororo wa karibu miaka hamsini bila pingili iliyokatika.

Kilichobadilika kati ya enzi na enzi

Kwanza uzito. Kabla ya daraja la kruza, lililo chini ya uzito wa juu, kuanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, yeyote aliyezidi pauni 175 (kilo 79.4) alihesabiwa wa uzito wa juu. Leo mpaka ni pauni 200, yaani kilo 90.7. Jack Dempsey alimvunja Jess Willard mwaka 1919 akiwa na kilo 85 hivi. Marciano alipotwaa ubingwa 1952 alikuwa na kilo 83.5. Kwa sheria za leo wote wawili wangekuwa wa daraja la kruza.

Pili, glavu. Mabondia wa uzito wa juu leo huvaa wakia 10. Vizazi vya kabla yao vilivaa wakia 8 na hata pungufu. Glavu ndogo yenye manyoya ya farasi ndani huacha vifundo vya mkono vihisi mfupa, ilhali glavu ya sponji hutawanya mshindo. Tatu, urefu wa pambano: ubingwa ulikuwa raundi 15 hadi miaka ya 1980, ulipoanza kushushwa hadi 12. Raundi tatu za mwisho ndizo mpigaji mzito alizozitegemea mpinzani alipokwisha chakaa.

Nne, na hili husahaulika sana, ni refa. Willard alidondoshwa mara saba katika raundi ya kwanza huku Dempsey akiruhusiwa kusimama juu yake na kumpiga pale tu magoti yanaponyooka. Kwa sheria ya kona isiyo na upande (aliyemdondosha mwenzake husubiri mbali hadi hesabu iishe) na marefa wa leo, pambano lingesimamishwa mapema zaidi. Kwa hiyo KO ya raundi ya 3 ya mwaka 2020 na ya 1920 si kitu kimoja: ya leo huenda ni refa aliyeona miguu imelegea, ile ya zamani ni mtu aliyeshindwa kunyanyuka.

Ngumi iliyopimwa maabara

Ipo ngumi moja ya uzito wa juu ambayo kipimo chake kilichapishwa katika jarida la kitabibu la Uingereza mwaka 1985: ya Frank Bruno. Nguvu ya kilele ilikuwa niutoni 4,096, kasi ya ngumi mita 8.9 kwa sekunde. Watafiti waliilinganisha na nyundo ya mbao yenye kilo 6, iliyofungwa kitu laini mbele, ikipigwa kwa mwendo wa kilomita 32 kwa saa.

Sasa mfuate Bruno huyo ulingoni. Alishinda mapambano 40, 38 kwa KO. Septemba 1995 alimkuta Oliver McCall, akampiga raundi 12 na kuchukua mkanda wa ubingwa wa dunia wa WBC kwa pointi. McCall alimaliza akiwa wima. Nyundo ile ile, kichwa ambacho hakikukubali. Hapo ndipo utaona kwa nini mashine za kupimia ngumi kwenye maonyesho hazisuluhishi ubishi: kila mashine ina namba zake, na shabaha haina shingo wala macho.

Maana kinachomlaza mtu mara nyingi si msukumo wa kwenda nyuma, ni kichwa kuzungushwa ghafla. Ngumi ikigusa pembeni ya kidevu, taya linakuwa kama mpini: fuvu linageuka kwanza, ubongo unachelewa, mawasiliano yanakatika. Ngumi ile ile ikitua kwenye paji la uso huumiza mkono wa mpigaji. Mwenye shingo nene, aliyeiona ngumi inakuja na kushusha kidevu, hukaza misuli kabla ya mshindo na kichwa chake hakizunguki sana. Asiyeiona hana kinga hiyo, hata awe na kilo 115.

Wapigaji, kwa taya zile zile

| Aliyepigwa | Mpigaji na mwaka | Ilikuwaje |
|---|---|---|
| Ken Norton | George Foreman, 1974 | Raundi ya 2 |
| | Earnie Shavers, 1979 | Raundi ya 1 |
| | Gerry Cooney, 1981 | Raundi ya 1, sekunde 54 |
| George Chuvalo | Muhammad Ali, 1966 na 1972 | Raundi 15, kisha 12, hakudondoka |
| | Joe Frazier, 1967 | Alisimamishwa raundi ya 4 |
| | George Foreman, 1970 | Alisimamishwa raundi ya 3 |
| Frank Bruno | Mike Tyson, 1989 na 1996 | Raundi ya 5, kisha ya 3 |
| | Lennox Lewis, 1993 | Raundi ya 7 |
| Frans Botha | Mike Tyson, 1999 | Raundi ya 5 |
| | Lennox Lewis, 2000 | Raundi ya 2 |
| | Wladimir Klitschko, 2002 | Raundi ya 8 |

Usisome jedwali hili kama msimamo wa ligi. Norton wa 1974 alikuwa na miaka 30, wa 1981 alikuwa na 37 na tayari alishaliwa na mapambano magumu. Sekunde 54 za Cooney hazimweki juu ya Foreman. Botha alikuwa anamwongoza Tyson kwa pointi hadi mkono mmoja wa kulia ulipomkuta mwishoni mwa raundi ya 5. Lewis alimmaliza mapema kwa sababu alianza kurusha mkono mzito tangu mwanzo. Anayesoma raundi peke yake atasema Lewis alipiga zaidi ya Tyson. Anayetazama ataona mbinu mbili, zote nzito.

Foreman ndiye ninayempa nafasi ya kwanza, na sababu si pambano la Kingston, Jamaika, peke yake, ingawa Januari 1973 alimdondosha Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili. Kwenye anguko la mwisho, miguu yote miwili ya Frazier iliacha sakafu kabla hajashuka. Frazier huyo huyo alipigana raundi 41 na Ali katika mapambano matatu na Ali hakumdondosha hata mara moja. Hiyo ndiyo taya ile ile, na tofauti yake ni kubwa mno kuielezea kwa bahati.

Lakini hoja nzito zaidi ni kwamba Foreman mwenyewe ni daraja la kuunganisha enzi. Mwaka 1973 alikuwa na kilo kama 98.7. Novemba 1994, akiwa na miaka 45 na kilo 113, miguu mizito na nyuma kwa pointi kwenye karatasi zote za majaji, alimlaza Michael Moorer raundi ya 10 kwa mkono wa kulia mfupi. Kasi ilishaondoka, pumzi ilishapungua, uzito wa ngumi ulibaki. Hakuna mpigaji mwingine wa orodha hii aliyepimwa hivyo katika enzi mbili zilizoachana miaka 21.

Udhaifu wake ni namna alivyopiga. Ngumi zake zilikuwa za kusukuma, nyingi zikitokea mbali na kupita juu ya mikono ya mpinzani. Zilivunja kinga, lakini zilimla pumzi mwenyewe. Kinshasa, Oktoba 1974, Ali aliegemea kamba, glavu masikioni na viwiko mbavuni, akamwacha apige mikono na mabega. Kufikia raundi ya 8 Foreman alikuwa amechoka kiasi kwamba mfululizo mfupi wa Ali ulimtosha.

Shavers ni kisa kingine. Wengi waliokula ngumi zote mbili walimtaja Shavers kuwa mzito kuliko Foreman, na Ali alitania kwamba ngumi yake iliwatikisa hadi ndugu zake walio Afrika. Kwa pigo moja safi sina ubishi naye. Tatizo lake ni kilichofuata baada ya pigo. Septemba 1979, raundi ya 7, mkono wake wa kulia ulimtupa Holmes chali. Holmes akaamka, akamsumbua kwa jabu (ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele), na raundi ya 11 Shavers ndiye aliyesimamishwa. Pumzi ilikuwa fupi, na ngumi alizitangaza kabla hazijatoka. Ukimchagua Shavers, unachagua raundi nne za kwanza.

Wilder naye ni wa pigo moja, ila pumzi yake ya hatari ilidumu hadi kengele ya mwisho. Alimdondosha Fury wa kilo 116 akiwa yeye ana kilo 96 tu. Mwaka 2019 Luis Ortiz alikuwa anamwongoza kwenye karatasi zote hadi raundi ya 7, kisha mkono mmoja wa kulia ukafunga hesabu. Kinachomshusha ni jinsi anavyoifikia shabaha. Anahitaji nafasi, anahitaji mpinzani asimame mbele yake kwa umbali wa mkono mrefu. Akisukumwa kurudi nyuma, ngumi hiyo haina pa kusimamia. Fury aliligundua hilo na kumsukuma kinyumenyume Februari 2020.

Joe Louis ndiye ambaye vijana humpita haraka, na ni kosa. Juni 1935, akiwa na kilo 89, alimmaliza Primo Carnera wa kilo 118 katika raundi ya 6. Januari 1942 Buddy Baer wa kilo 113 hakumaliza raundi ya kwanza. Ukisikia mtu anasema watu wadogo wa zamani wasingewafanya kitu majitu ya leo, mpe tarehe hizo mbili. Ngumi za Louis zilikuwa fupi sana: mkono wa kulia ulisafiri umbali mdogo, ukatoka bila ishara, na wa kushoto ukafuata papo hapo. Juni 1938 Max Schmeling alidumu sekunde 124. Kwa usahihi hakuna anayemzidi humu.

Tyson ni Louis aliyeongezewa kasi na kupunguziwa subira. Nguvu yake haikuwa kwenye ngumi moja bali kwenye ya pili na ya tatu, zilizotoka pembe tofauti kabla macho hayajarudi mahali pake. Michael Spinks alidumu sekunde 91 mwaka 1988. Waliomfikisha raundi 12, kama James Smith na Tony Tucker mwaka 1987, walimkumbatia kila alipoingia. Ndiyo dawa yake: ikishindikana ngumi ya kwanza, ya pili hainyooki.

Marciano namweka kivyake. Wapinzani wake wakubwa walikuwa wameshakula chumvi. Louis alikuwa na miaka 37 walipokutana 1951. Hilo lisifichwe. Lakini Septemba 1952, Philadelphia, alidondoshwa na Jersey Joe Walcott raundi ya kwanza, akawa nyuma kwa pointi kwa raundi 12, kisha raundi ya 13 mkono wa kulia wa hatua fupi ukamwacha Walcott amening'inia kwenye kamba. Kwa ngumi inayobaki nzito dakika ya 37, kwa kilo zake, hana wa kulinganishwa naye.

Uimara si kitu kimoja

Watu hufunga katika neno moja mambo manne tofauti: kutodondoka, kuamka baada ya kudondoka, kuendelea ukiwa umeumia, na ngozi kutochanika. Bondia anaweza kuwa na matatu akakosa la nne.

Chuvalo ndiye mfano wa kutodondoka. Mapambano 93, hakuwahi kwenda sakafuni. Lakini kutodondoka si kutoumia: Frazier alimvunja mfupa kwenye jicho na ndiyo maana refa aliingilia. Na kuna ubaya mmoja ambao washabiki hawauzungumzii. Anayedondoka anapata sekunde nane za kupumua na kupanga upya. Anayebaki wima akiwa amelegea huongezewa ngumi nyingine kumi. Taya ngumu kupita kiasi ni mzigo kwa mwenyewe.

Ndugu wawili Klitschko wanatupa jaribio safi kabisa, la ngumi moja na taya mbili. Corrie Sanders wa Afrika Kusini, mwenye mkono wa kushoto wa kasi, alimdondosha Wladimir mara nne na kummaliza raundi ya 2, Machi 2003. Aprili 2004 akamkuta Vitali. Mikono ile ile ya kushoto ikatua tangu raundi ya kwanza, Vitali akatikisika, hakuanguka, na raundi ya 8 Sanders ndiye aliyesimamishwa. Vitali alimaliza mapambano 47 bila kudondoka. Kilichomshinda mbele ya Lewis, Juni 2003, ni ngozi: alikuwa anaongoza kwenye karatasi zote tatu, ila jicho lilichanika vibaya na daktari akalisimamisha pambano baada ya raundi ya 6.

Lakini usiharakishe kumdharau Wladimir. Mwaka 2005 Samuel Peter alimdondosha mara tatu naye akaamka akashinda kwa pointi. Mwaka 2017, akiwa na miaka 41, alianguka mbele ya Anthony Joshua raundi ya 5, raundi ya 6 akamwangusha Joshua, na ikamchukua Joshua hadi raundi ya 11 kummaliza. Alitawala kuanzia 2006 hadi 2015 si kwa sababu taya liligeuka chuma, bali alijifunza kumweka mtu mbali kwa jabu na kumkumbatia akisogea. Umbali nao ni kinga.

Kwa kuamka, Holmes na Fury ndio walimu. Holmes alifungwa kabla ya muda mara moja tu katika mapambano 75, na Tyson, Januari 1988, akiwa na miaka 38 na ametoka kukaa nje karibu miaka miwili. Fury raundi ya 12 ya Desemba 2018 alipokea mkono wa kulia, kisha wa kushoto uliomkuta akiwa tayari anashuka. Alilala chali, mikono imeenea, macho hayako. Refa alipohesabu hadi tano hivi, mwili ukarudi kama uliochomekwa umeme, akasimama kwenye tisa na kumaliza raundi akirusha ngumi. Huwezi kuifundisha hiyo.

Ali alikuwa na mchanganyiko. Alidondoshwa na Henry Cooper 1963 na Frazier 1971, akaamka mara zote. Alivunjwa taya na Norton Machi 1973 na bado akamaliza raundi 12. Katika mapambano 61 alisimamishwa mara moja, na ni watu wa kona yake waliomtoa mbele ya Holmes. Uwezo wake mkubwa ulikuwa macho: aliiona ngumi na kurudisha kichwa nyuma nayo. Miguu ilipopungua alianza kuzipokea, zikiwemo raundi 15 za Shavers mwaka 1977. Mwaka 1984 aligundulika na ugonjwa wa Parkinson.

Ukiambiwa uchague

Ukitaka ngumi moja ya kumaliza raundi ya mwisho, mchukue Wilder, na kama mpinzani ni mtu wa kusukuma mbele, Marciano. Ukitaka kuvunja kinga ya mtu aliyejificha nyuma ya glavu, Foreman. Mpinzani akiwa mwepesi na mwenye macho, Louis, kwa kuwa ngumi isiyotangazwa ndiyo pekee inayomfikia mtu wa namna hiyo. Kwa mpinzani anayeanza pambano polepole na asiyejua kukumbatia, Tyson. Shavers namwacha kwa mwenye kuamini bahati.

Upande wa uimara, mbele ya mpigaji wa mkono mmoja mzito nampeleka Vitali, maana ni mrefu, anaegemea nyuma na hadondoki. Mbele ya mpigaji wa mfululizo nampeleka Holmes wa 1979. Chuvalo nisingempeleka popote tena. Alishafanya ya kutosha.

Unapotazama mkanda wa pambano, zima sauti. Mtangazaji hupiga kelele kwa ngumi zilizotua kwenye mikono. Tazama miguu ya anayepigwa: kisigino kikigusa sakafu bila kutaka, ngumi iliingia, hata kama uso hausemi kitu. Angalia pia anafanya nini sekunde mbili baada ya pigo. Anayekumbatia anajua alipo. Anayerudi nyuma kwa mstari ulionyooka hajui.

Zoezi zuri la kuanzia ni Foreman na Ron Lyle, Las Vegas, Januari 1976. Lyle mwaka uliotangulia alidondoshwa na Shavers raundi ya 2, akaamka na kummaliza raundi ya 6, kwa hiyo taya lake tunalijua. Katika raundi ya 4 Lyle alimdondosha Foreman, Foreman akamdondosha Lyle, kisha Lyle akamdondosha Foreman tena kabla ya kengele. Raundi ya 5 Foreman alimbana kwenye kona na kumpiga hadi Lyle akashuka kwa uso, na hakuamka.